Mwavuli wa Jiwe

Ile saa ya ukutani mliyonizawadia siku ya kuagana nimeitundika sebuleni, nayo inakwenda vizuri, ila sijui niitazamie nini. Miaka yote niliyofanya kazi hapo kituoni, nikiwaonyesha wageni viumbe vya bahari, sikuongozwa na saa, niliongozwa na maji. Bamvua likija, zile siku za mwezi kuandama au kuwa mpevu ambapo bahari hupwa mpaka mbali na mwamba ukabaki wazi, tulikuwa watu wa kazi. Maji yakiwa mafu tulikaa ofisini tukipaka rangi vibao. Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona, ili wanafunzi wa kujitolea wanaokuja wapate pa kuanzia. Naandika. Lakini msitarajie nimalize kwa kuwafariji, maana hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi, na kazi nimestaafu.

Nilifika kituoni nikitokea kwetu Ganda, binti wa wakulima wa mahindi na mihogo. Bahari nilikuwa nimeiona kama wengi wa kwetu wanavyoiona, siku ya kupelekwa hospitali mjini, kwa mbali, baina ya nyumba na nyumba. Nilikuwa nimesomea ualimu, na tangazo lilisema wanataka mwalimu. Nilikabidhiwa viatu vya raba vilivyokwisha kuchukua umbo la miguu ya mtu mwingine, ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako ikatiwa kioo ili mtu aone chini ya maji, na mkuu wa kazi ambaye kwa siku kadhaa hakunitazama usoni.

Huyo alikuwa Mwalimu Nargis. Kwao walikuwa na duka la vitambaa mjini, Wahindi wa Malindi tangu enzi za babu zao, naye alifundisha baiolojia shule za sekondari mpaka akastaafu, kisha akageukia kufundisha watu wazima ambao hawakuomba kufundishwa. Alikuwa mfupi na mkali, na Kiswahili chake kilitushinda sote. Hakuachana na mwavuli mweusi wenye mpini wa mti. Mwanzoni nilidhani ni wa kujikinga jua, nikaona, eti, mama wa mjini huyu anaogopa kuungua.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa watoto wa shule ya msingi, tena wa kwetu Ganda. Nilifurahi mno. Usiku uliotangulia nilikariri majina ya kila kiumbe kilichomo katika vidimbwi vya mwambani, kwa Kiswahili na kwa Kilatini, nikawasimamisha watoto juani nikaanza kuyamwaga. Nilipofika kwenye jongoo wa baharini, nusu yao walikuwa wanarushiana mchanga na mwalimu wao alikuwa anaongea na simu. Tuliporudi nilitegemea sifa. Mwalimu Nargis alikuwa anaosha viatu vyake kwa maji baridi, akasema bila kuinua kichwa:

"Sidi, majina umewapa. Sababu ya kuinama hukuwapa."

Kesho yake akanipeleka mwambani peke yangu kunifundisha kazi. Naieleza hapa kwa kirefu, kwa kuwa nasikia siku hizi mnawapa wanafunzi karatasi.

Unachagua jiwe moja, lenye ukubwa wa sinia, lililolala kwenye maji machache. Upande wa juu lina mwani, na mwani unataka jua. Upande wa chini mna wenyewe: viti vya pweza vidogo kama vifungo, kaa wasiozidi ukucha, kauri aliyejifunika ngozi yake, mayai ya samaki yaliyopangwa safu safu na mtu asiyejua kukosea. Hao jua hawalitaki kabisa. Kwa hiyo kabla hujaligusa jiwe unafungua mwavuli na kuutandaza juu yake. Hapo ndipo nilipojua mwavuli ule ulikuwa wa nani. Unapiga magoti, unaliinua jiwe taratibu kuelekea kwako, halafu unanyamaza. Husemi neno mpaka mmoja wa wageni aulize. Akiuliza, unamjibu aliloliuliza, basi. Kisha unalirudisha jiwe lilivyokuwa, mwani juu, kwenye shimo lake lile lile, na unahakikisha hakuna aliyebanwa. Ukilipindua ukaliacha, umeua nyumba mbili kwa mkono mmoja, ya juu na ya chini.

Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Mwalimu mzima, umesimama mbele ya watu na huna unachosema. Lakini ilikuwa kweli. Wageni walianza kwa kuzungumza mambo yao, wakaishiwa, wakaangalia chini kwa kukosa pengine pa kuangalia, na mara mmoja akachuchumaa. "Hiki kinatembea?" Akishachuchumaa huyo, ni wako.

Siku moja Mtaliano mmoja mnene, aliyekuwa akiungua kama mkate, alijaribu kujipenyeza chini ya mwavuli. Mwalimu Nargis akamwambia, kwa Kitaliano cha watu wa Malindi, kwamba yeye ana kofia na jiwe halina. Yule bwana alicheka mpaka akakaa majini. Kila alipokuja likizo alirudi kutusalimia, na sikumwona tena akisimama kwenye kivuli kisicho chake.

Miaka ikaenda, kituo kikaanza kuchukua wanafunzi wa kujitolea, vijana wa vyuo na waliokuwa wakisubiri matokeo yao. Wengi walikuja kwa ajili ya cheti, wala siwalaumu. Kujitolea ni neno tamu mdomoni mwa aliyekwisha kula. Kazi yangu ikawa kuwafundisha, na Mwalimu Nargis, ambaye magoti yalikuwa yamemkataa, alikaa barazani akiwasikiliza na kuwakosoa kwa mbali kwa mluzi.

Katika hao ndimo alimotoka Rehema. Alikuja akiwa amevaa buibui na raba mpya, msichana wa Muyeye, mama yake mchoma mahamri. Kwao maji ya mfereji yanakuja yakipenda, na mtoto hufundishwa kuogopa kisima kabla ya kufundishwa kutembea. Bahari aliiogopa wazi wazi. Siku ya kwanza aliingia majini akinishika mkono kama anayevushwa barabara, akaniamkia shikamoo mara mbili kwa woga. Nikajisemea, huyu hafiki bamvua la pili.

Nilikosea. Rehema alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine, cha kunyamaza bila kuchosha. Alipopiga magoti chini ya ule mwavuli, watu walinyamaza naye. Mwalimu mkuu mmoja wa shule, aliyekuwa akiniuliza kila mwaka kama mambo haya yanatoka kwenye mtihani, nilimwona amechuchumaa na suruali yake ya suti, maji yamempanda hadi magotini, akimwuliza Rehema kama kauri husikia maumivu. Rehema alimjibu kwamba hajui. Nalo hilo lilikuwa funzo: wengi katika nyinyi mkiulizwa msilolijua mnatunga.

Sasa mjue kosa letu, maana ni kosa la watu waangalifu peke yao. Sifa za kituo zilienea, shule zikaja kwa zamu, wageni wa mahotelini nao wakaja. Kila mwanafunzi wa kujitolea alitaka kundi lake lione kitu kizuri. Palikuwa na jiwe moja, karibu na pale mwamba unapopinda, ambalo kila likiinuliwa halikukosa kitu cha kuonyesha. Basi kila mmoja alikwenda kwa jiwe lile. Mwavuli juu, magoti chini, kimya, maswali, jiwe likarudishwa lilivyokuwa. Halafu linakuja kundi lingine, na lingine. Hakuna aliyevunja sheria hata moja. Ilikuwa kama mgonjwa anayetembelewa na jamaa wenye adabu kutwa nzima, kila mmoja akimwamsha ampe pole.

Ni Rehema aliyeliona. Alinijia nikiwa natundika viatu, akaniambia, "Mwalimu, lile jiwe tumelichosha. Viti vya pweza vimehama, na mayai ya juzi yamekufa. Tulipumzishe."

Tukaanza kuyapumzisha mawe. Tuligawanya mwamba, upande huu bamvua hili, upande ule bamvua lijalo, na lile jiwe la kwenye kona tukaliacha kabisa. Wanafunzi walinung'unika kwa kuwa walilazimika kuonyesha mawe yasiyo na kitu cha ajabu. Rehema akawafundisha kuonyesha kitu kidogo. Na msimu uliofuata, jiwe lilipoinuliwa kwa mara ya kwanza, chini yake mlikuwa mmerudi wenyewe, tena wengi. Nilimwita Mwalimu Nargis aje aone. Tulimbeba kwa kiti cha plastiki, mimi na Rehema na vijana wengine, tukamweka majini. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akampa Rehema ule mwavuli wake. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba ubavu mmoja umelegea, autie uzi.

Mngeniuliza siku ile kama kazi hii ina maana, ningewacheka. Tuliharibu, tukaona, tukarekebisha, ikapona. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo.

Mwalimu Nargis alifariki kabla ya mwaka wa joto. Nilimlilia sana, na bado nasema alhamdulillahi hakuuona.

Mwaka ule maji yalikuwa na joto la chai iliyosahaulika. Nilikuwa nikitia mguu majini nashtuka. Kwanza ilikuwa kule nje kwenye matumbawe, ambako wageni hupelekwa na mashua zenye vioo chini. Matumbawe yakawa meupe. Wageni walirudi wakiwa na furaha isiyo kifani. Walisema hawajaona kitu kizuri kama kile, bustani nyeupe chini ya bahari, wakatuonyesha picha kwenye simu. Rehema, ambaye kwa wakati ule ndiye aliyekuwa akiwapokea pale barazani, aliwaambia ukweli kwa upole: huko si kupendeza, ni kufa, na weupe wanaousifu ni mifupa.

Walinyamaza, na hakikuwa kile kimya cha chini ya mwavuli. Mmoja akaandika malalamiko kwa wenye kituo kwamba msichana ameiharibu likizo yake na ya watoto wake. Wenye kituo si watu wabaya. Wanatafuta wafadhili, na wafadhili hawapendi kununiwa. Likaja agizo kwangu: wanafunzi wa kujitolea waeleze wanavyojua, lakini kila maelezo yamalizike kwa matumaini. Nikawaita barazani nikawasomea. Wengine waliitikia. Rehema alisubiri mpaka wenzake walipokwenda.

"Mwalimu, kumaliza kwa matumaini sikatai," akasema. "Nipe tu hilo tumaini nikalieleze. Ni lipi?"

Nikamwambia mambo tunayoyasema sote. Wapande mikoko, wasitupe mifuko ya plastiki, wasinunue kauri na makombe, wawaambie wenzao. Alinisikiliza kwa heshima zake zote.

"Hayo ni ya kufanya, nami nitawaambia wayafanye. Mimi nimekuuliza tumaini."

Sikuwa nalo. Nilimtazama, na yeye akaona kwamba sina, akanionea huruma. Hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote katika kazi yangu. Visa vya watoto kukanyaga miiba na wazazi kugombana, mtauliza wengine watawasimulia. Mimi ninachokikumbuka ni kuhurumiwa na mwanafunzi wangu kwa haki.

Aliendelea. Alitafuta njia yake. Mwisho wa kila maelezo alikuwa akisema, "Nakuombeni turudishe jiwe," na akawaacha wageni wenyewe walirudishe kwa mikono yao, polepole, mwani juu. Wenye kituo wakaridhika, wakasema ni ishara nzuri. Nadhani hata yeye kwa muda iliridhisha moyo wake.

Lakini joto lilitoka nje likaingia mwambani. Na mvua zilipokuwa kubwa, mto ulishusha udongo wa bara yote, bahari ya Malindi ikawa nyekundu kama kawaida yake, ila safari hii tope likakaa. Tukainua jiwe, mna kaa wawili. Bamvua jingine, mmoja. Tukalipumzisha. Tulikuwa tunajua dawa, si tulikwisha kuponya? Tukayapumzisha mawe yote, msimu mzima hatukugusa kitu, tukawafundisha wageni ufukweni kwa picha. Tulipoinua tena, lile jiwe la kwenye kona lilikuwa jeupe chini kama sahani iliyooshwa. Mimi si mwanasayansi, sisemi ni joto peke yake au tope peke yake au ni wanaookota kauri alfajiri kuwauzia wageni. Nasema tulilifanya lile tulilolijua, na halikusaidia. Wazee wetu walisema la kuvunda halina ubani. Niliwahi kuwakataza wanafunzi wasiutumie msemo huo mbele ya wageni.

Kazi ikabadilika bila ya mtu kuitangaza. Vijana walisimama mwambani na picha zilizotiwa plastiki wakisema, hapa palikuwa na hiki, pale palikuwa na kile. Rehema alivumilia misimu kadhaa, kisha akaja nyumbani kwangu, akakaa jikoni, akanisaidia kukuna nazi. Alisema kituo sasa ni matanga, na yeye amechoka kuwa mtu wa kukaribisha watu msibani halafu kuwaomba watabasamu wakiondoka. Nilimwambia pengine wenye kituo watampa ajira. Akasema ajira ya nini, Mwalimu?

Alikwenda Arabuni, kwenye kazi za nyumbani, kama wasichana wengi wa Muyeye. Ndiye mfasiri bora wa bahari niliyemwona maishani mwangu, na leo anafuta vioo vya nyumba ya watu katika mji ambao bahari yake, ananiambia, imejazwa kifusi. Mwavuli aliuacha kituoni. Ubavu wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kijani.

Nilifanya kazi mpaka siku yangu ikafika, mkanipigia vigelegele na kunipa saa. Niliwashukuru na nilikuwa nashukuru kweli. Nilikuwa pia nawaza kwamba nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na bahari imekufa wakiwa wamehudhuria.

Rehema hunitumia ujumbe wa sauti kila bamvua. Bado anaufuata mwezi kule aliko, kwenye dirisha la jikoni. Huniamkia, huuliza habari za mguu wangu, halafu huuliza lile lile: "Leo bamvua, Mwalimu. Wametoka? Bado wanarudisha jiwe?"

Nilikuwa namjibu kwa kukisia, kwa kuwa tangu nistaafu nilikuwa sijakanyaga huko. Bamvua lililopita nikaona aibu, nikavaa viatu vya raba nikaenda. Hamkuniona, na sikutaka mnione. Nilikaa kwenye ngazi za ufukweni kama mgeni asiyelipa.

Lilikuja kundi la watoto wa shule, na kwa sare zao niliwajua ni wa Ganda. Aliyewaongoza ni mwanafunzi wa kujitolea nisiyemfahamu, msichana mrefu, labda alifundishwa na aliyefundishwa na Rehema. Alikuwa na ule mwavuli. Aliwapeleka pale mwamba unapopinda, akaufungua juu ya lile jiwe, akapiga magoti, akaliinua kuelekea kwake, akanyamaza. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Watoto wakaongea, wakaishiwa, wakainama. Nami nikasimama, nikasogea, nikachungulia juu ya vichwa vyao.

Palikuwa na mchanga uliotiwa kivuli vizuri.

Mtoto mmoja wa kike akachuchumaa. "Mwalimu, humu muna nini?"

"Hamna," yule msichana akasema. Nilimpenda kwa kutotunga.

Yule mtoto akaendelea kutazama. Kisha, bila kuambiwa, akanyoosha mikono yake miwili akasaidia kulishusha lile jiwe, taratibu sana, mwani juu, akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa maji kuhakikisha hakuna aliyebanwa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Rehema alikuwa amekwisha kuuliza. Nikamtumia jibu kwamba wametoka, ni watoto wa kwetu Ganda, na ndiyo, bado wanarudisha jiwe, tena kwa mikono miwili. Alinijibu kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia kwake tangu aondoke, akasema alhamdulillahi, basi hatukupoteza kitu.

Hakuuliza chini yake kuna nini. Sikumwambia.